Madebe ya Galma

Siku ya mnada wa mifugo Isiolo, mtu hajisikii hata akipiga kelele. Katikati ya vumbi na vilio vya mbuzi, Abiba alikuwa ameinama, leso ya kijani imefungwa vizuri kichwani, akifagia samadi na kuitia guniani.

"Wewe mama! Unaiba mali ya mbuzi yangu?"

Aliinua macho. Mbele yake alisimama jamaa mrefu, kikoi cheupe kiunoni, fimbo mabegani, anacheka.

"Mbuzi yako imetupa, mimi nimeokota. Kama unataka, chukua umrudishie."

Madalali waliangua kicheko. Jamaa huyo, Jaldesa, mfanyabiashara wa mbuzi ambaye hakuna dalali aliyewahi kumnyamazisha, aliinama akafunga mdomo wa gunia. Akalibeba mwenyewe hadi Chechelesi, mtaani kwa Abiba.

Uani kwa Abiba kulikuwa na nyanya kwenye madebe ya mafuta ya kupikia, yamepangwa ukutani. Yalikuwa ya mumewe Galma, dereva wa lori aliyesombwa na mafuriko kule Gotu. Mwili haukupatikana. Hakuna kaburi, basi Abiba aliyasalimia madebe kila asubuhi, na mara nyingine alisikia harufu ya dizeli pale, ingawa hakuna gari lililopita. Majirani walijua na walinyamaza. Ungemwambia nini?

Jaldesa aliendelea kuja. Alimjengea tuta la kuinuliwa kwa mawe, wakapanda nyanya humo pia, na maswali yake hayakuisha.

"Kwa nini tuta umelipa samadi gunia mzima, na debe unanyima?"

"Tuta lina tumbo kubwa. Nachanganya mara moja na udongo, inakula polepole. Debe ni mtoto mchanga. Naloweka samadi kwa maji, nanywesha kikombe kila Ijumaa. Nikizidisha, inaungua."

"Na mimi, mpenzi, utaninywesha lini?"

"Wewe una tumbo ya tuta. Ngoja."

Abiba alicheka, kisha akageuka haraka kuyatazama madebe, kama mke aliyefumaniwa.

Jaldesa alipotaka kuposa, Abiba alimwomba angoje nyanya ziive. Akakubali, akaenda Nairobi kuuza mbuzi. Siku chache baadaye majani ya kwenye madebe yalianza kukauka kingoni, yakajikunja, miche yote ikafa. Tuta la Jaldesa, hatua chache tu kutoka hapo, lilikuwa linameta kijani. Abiba alisimama katikati akijikumbatia kama mwenye baridi mchana wa jua kali. Harufu ya dizeli ilikuwa imejaa ua mzima.

Simu ilipolia dukani kwa jirani yake Robow na Abiba akaitwa, aliipokea kwa mikono miwili.

"Mpenzi, nimekununulia shuka—"

"Usirudi hapa, Jaldesa."

"Nimekosa nini?"

"Galma amekataa." Akaiweka simu chini.

Jaldesa alirudi kwa lori la kwanza alilolipata. Alipiga hodi, akatoa salamu, na Abiba, asiyeweza kuiacha salamu bila jibu, akamfungulia.

"Angalia mwenyewe," alisema. "Yako iko hai. Yake imekufa. Unataka akwambie vipi tena?"

Jaldesa alichuchumaa. Alichota udongo wa debe kwa kidole, akauweka ulimini. Uso wake ulibadilika.

"Abiba, hii ni mimi."

"Nini?"

"Mbuzi ikikonda, sisi tunalambisha chumvi ya magadi, inanenepa. Nikaona nyanya yako imekonda. Kabla ya kwenda Nairobi, siku ile umeenda kisimani, nikaweka magadi, tuta na debe sawasawa. Nilitaka ushangae. Wallahi sikujua."

Abiba naye alionja. Ilikuwa chumvi tupu. Kwenye tuta maji yalikuwa yameizamisha chini ardhini, lakini debe lina kitako, na chumvi haikuwa na pa kwenda. Akaketi chini palepale akalia, na hakikuwa kilio cha nafuu.

"Nilifikiri ni yeye," alisema. "Hata kama amekasirika, nilisema afadhali. Si bado yuko?"

Jaldesa alimpenda mno hata hakuthubutu kumshika. "Nikienda, utapona?"

Abiba aliinuka, akakumbatia debe la kwanza, akalimwaga nyuma ya ua. Akarudia lingine, na lingine, mpaka ukuta ukabaki mtupu. Hapo ndipo alipotamka maneno ya msiba ambayo tangu mafuriko alikuwa ameyakataa, hata sheikh alipombembeleza.

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun."

Jaldesa aliyarudia kwa sauti ya chini. Hapakuwa na harufu yoyote uani ila ya udongo.

"Sasa nenda kwa kaka yangu Diba," alisema Abiba, akijifuta macho kwa ncha ya leso. "Mwambie umekuja kuposa mjane. Siku zile zote, Jaldesa, ulikuwa unaposa mke wa mtu."