Programu Iliyogoma Kibandani

Kila Machi, theluji ya Vermont inapoanza kulainika, Odette Rowell hatulii. Akitoka shule hutupa begi, huvaa buti na kupanda kilima mpaka kibanda cha kuchemshia utomvu mtamu wa miti ya mepo mpaka uwe shira. Utomvu hauna subira. Usipochemshwa mapema, unachacha.

Mwaka ule Odette, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa ameandika programu. Kipimajoto kingetumbukizwa karaini, kompyuta kuukuu ya mfumo wa Linux iliyokuwa kibandani ingesoma joto, na shira ikiiva kengele ingelia. Ikizidi kuiva, shira huungua na kuharibu karai. Na Shangazi Verna, mwenye kibanda, alikuwa na karai hilo moja tu.

"Umeijaribu kwenye kompyuta ya kibandani?" Shangazi alimuuliza Jumamosi asubuhi.

"Ndiyo, Shangazi. Inafanya kazi vizuri."

Uongo mtupu! Alikuwa ameijaribu nyumbani, kwenye kompyuta yake mpya. Zote mbili zinatumia Linux, alijiambia, kuna tofauti gani? Shangazi akamwamini, akampa ruhusa mzee Amos, aliyekuwa akiangalia joto la karai miaka yote, aende kumwona mjukuu wake.

Mchana, moto ukivuma, Odette alichomeka flashi na kuifungua programu. Ikagoma. Maandishi yalisema maktaba inayohitajika haipo.

Akajaribu tena. Akazima kompyuta, akaiwasha. Wapi!

"Vipi, mtaalamu?" alimtania binamu yake Silas, aliyekuwa akichochea kuni. "Kengele imekaukiwa na sauti?"

"Nyamaza, Silas!"

Kibandani hapakuwa na intaneti ya kupakulia chochote, na utomvu ulikuwa umeshaanza kugeuka rangi. Odette akamgeukia Shangazi, aliyekuwa naye kibandani.

"Shangazi, nilikudanganya. Sikuijaribu hapa."

Verna akachukua kipimajoto cha mkono. "Naweza kusimama hapa nusu saa. Baada ya hapo lazima nikahamishe utomvu unaokingwa nje, la sivyo mapipa yatafurika. Kimbia nyumbani ukairekebishe!"

Odette alishuka kilima akiteleza, Silas nyuma yake. Alipoketi tu mbele ya kompyuta yake nyumbani, kosa akaliona. Programu yake haikufanya kila kazi yenyewe. Kazi nyingine iliziazima kwenye maktaba, yaani mafungu ya kazi zilizokwisha kuandikwa na watu wengine, yaliyohifadhiwa ndani ya kompyuta. Kompyuta yake ilikuwa nayo. Ile kuukuu haikuwa nayo. Ni kama kwenda kupika kwa jirani ukidhani utakuta chumvi. Safari hii akaiunganisha programu upya, maktaba zote zikiwa ndani yake.

"Loo! Imenenepa!" Silas alicheka. "Imekuwa kubwa mara hamsini!"

"Acha inenepe. Haiombi tena kitu kwa mtu."

Walirudi wakihema, zikiwa zimebaki dakika tatu. Odette akachomeka flashi, akafumba macho. Namba za joto zikatokea. Verna akatoka mbio kwenda kwenye mapipa. Hata hakukaa sana, kengele ikalia. Akarudi, akafungua bomba la karai, na shira safi ikatiririka.

Odette alitaka kushangilia, lakini uso wa Shangazi ulimzuia.

"Programu umeitengeneza kwa nusu saa, hongera," alisema Verna. "Lakini asubuhi ungeniambia 'sijaijaribu', ningembakiza Amos, basi. Kutokujaribu si aibu, mwanangu. Kusema umejaribu ndiko kulikotaka kutuunguzia karai. Na kitu hujaribiwa pale kitakapofanyia kazi."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusamehe. Sasa niambie, kesho nimwache Amos apumzike? Naweza kuiamini hiyo kengele?"

'Ndiyo' ilishafika kwenye ncha ya ulimi. Odette akaizuia.

"Sijui, Shangazi. Hapa imelia mara moja tu. Mwambie mzee Amos aje."

Verna akamshika bega. "Hilo," alisema, "ndilo jibu ninaloweza kuliamini."