Namba ya Disketi Nne

Ijumaa, saa tatu asubuhi.

Ukunda, chumba cha nyuma cha duka la kanda za video. Mlango umetiwa komeo. Mbuvi alichora ofisi kwa chaki juu ya meza.

"Ofisi ya Ngala, kule Diani. Saa saba anakwenda kula. Anabaki mlinzi mmoja, mzee Tembo. Boga, kufuli ni lako. Mzee ni wangu. Hafsa anachukua disketi nne za programu ya hoteli. Dakika sita, tumetoka."

"Mzee asiumizwe," Boga akasema.

"Nani amesema ataumizwa?"

Hafsa aliikariri ramani ya chaki. Alikuwa na miezi miwili katika genge lile. Mbuvi alimtaka kwa sababu alijua kompyuta na hakuuliza maswali. Mbuvi hakujua kwamba Hafsa ni dada wa Abdulaziz, mwenzao aliyepigwa risasi Msambweni mwaka wa tisini na tano. Siku hiyo Boga alikuwa kwenye usukani. Mbuvi alimsukuma majeruhi nje ya gari angali hai, asiwacheleweshe.

Saa saba na dakika nne, Diani.

Kufuli lilikatika. Mzee Tembo aliinua mikono mwenyewe. Mbuvi akampiga kwa chuma kichwani hata hivyo.

Boga aliitazama damu sakafuni. "Ulisema hataumizwa."

"Washa gari."

Saa nane, chumba cha nyuma tena, disketi nne mezani.

"Huyu mnunuzi wetu, Musyoki wa Taru, anaweza kutunyang'anya," Mbuvi akasema. "Tia kizuizi. Programu isiingie kwenye mashine mpaka mtu aandike namba. Akilipa, nampa namba."

Hafsa alifungua faili la maagizo, lile linaloiongoza mashine kuingiza programu. Akaongeza mistari michache: uliza namba, ilinganishe, ikiwa siyo, simama; ikikosewa mara tatu, futa disketi zote.

"Nionyeshe."

Akaandika. Kwenye kioo cha kompyuta zilitokea nyota nane tu badala ya tarakimu. Mashine ikakubali. Mbuvi akatabasamu. Hafsa akamwandikia namba nyingine kabisa kwenye karatasi.

Mbuvi na Boga wakashika njia ya Kinango kwenda Taru. Hafsa akabaki kando ya simu.

Saa kumi na mbili kasoro robo, simu ikalia. Ni Mbuvi.

"Hafsa, namba yako imekataa mara mbili. Musyoki amefunga mlango. Mashine inasema imebaki nafasi moja."

"Andika tarehe uliyomtupa Abdulaziz. Siku, mwezi, mwaka. Ni ndugu yangu, tumbo moja."

Sauti ya Mbuvi ikasogea mbali kidogo na simu: "Boga, ilikuwa lini?"

"Naijua," Boga akajibu. "Kila mwaka siku hiyo namsomea fatiha."

"Basi iandike."

"Siandiki. Hata yule mzee wa leo utamsahau." Sauti yake ikageukia kwingine. "Bwana Musyoki, mimi dereva tu. Naomba nipite."

Mlango ulifunguliwa. Ukafungwa tena.

"Dada yangu," Mbuvi akasema polepole. "Siku ile polisi walikuwa nyuma yetu. Ningefanya nini?"

Kwa miaka mitatu Hafsa alikuwa ameyapanga maneno ya kumwambia mtu huyu. Sasa hakuona hata moja la maana. Alisikia sauti nzito ikimwamuru Mbuvi aweke mkono wa simu mezani. Alisikia kiti kikiburuzwa, na Mbuvi akianza kutaja tarehe, akikosea mwezi.

Hafsa hakumsahihisha. Aliendelea kusikiliza mpaka simu ilipokatwa upande wa pili.