Mji wa Injinia

Mama alinituma jua likizama. "Mpelekee mdogo wako chakula. Siku ya tatu leo hajaonekana, na simu hapokei."

Mdogo wangu tunamwita Injinia kwa utani; hajawahi kutengeneza kitu kikapona. Tangu kiwanda cha mbao kimwachishe kazi, alijifungia chumbani na kompyuta kuukuu aliyouziwa na mjane mmoja, ikiwa na mchezo ndani yake. Mchezo wa kujenga mji: unachimba makaa, unapasua mbao, unachoma matofali, unagawa maji na watu.

"Hodi?"

Nikausukuma mlango. Harufu ikanipokea... moshi wa tanuri. Chumba kile hakina hata jiko.

Alikuwa mbele ya kioo cha kompyuta, amekonda, macho mekundu.

"Dada, usiguse kitu," alinong'ona. "Matofali yamepungua."

Nikamshika mkono nimnyanyue. Akapiga yowe. Viganja vyake vilijaa malengelenge, mengine yamepasuka, vumbi jekundu limeingia vidondani.

"Umebeba nini wewe?"

Akaelekeza kidevu kwenye kioo.

Nikainama. Watu wadogo kama sisimizi walitoka tanurini kwa foleni, kila mmoja na tofali kichwani. Mmoja alichechemea. Shati lake la njano lilikuwa na kiraka begani.

Shati alilovaa Injinia.

"Nilipungukiwa watu," alisema. "Tanuri lilikuwa linazimika. Mchezo ukaniuliza kama mkuu wa mji yuko tayari kufanya kazi mwenyewe. Nilidhani utani, dada. Nikabonyeza ndiyo."

Nikachomoa waya ukutani.

Kioo hakikuzimika. Ila wale watu wote walisimama. Kisha, mmoja mmoja, wakainua vichwa.

Wakanitazama.

Kando yangu Injinia alianza kutapatapa, pumzi haipiti. Nikarudisha waya mbio. Watu wakainamisha vichwa, wakaendelea na kazi. Naye akavuta pumzi.

Nikambonyeza yule wa shati la njano. Maandishi yakatokea: *Umwachishe kazi?* Ndiyo! Yakaja mengine.

*Nani achukue nafasi yake?*

Jina la mama sikuweza kuliandika. Langu... nisiwadanganye, nililifikiria, nikaogopa. Nikabuni. Nikaunganisha majina matatu ambayo sijawahi kuyasikia pamoja, nikiamini si ya mtu yeyote.

Yule wa shati la njano akatua tofali, akafifia. Nyuma yangu Injinia akaangua kilio, akaomba maji.

Kesho yake nilimwendea mjane. Hakunikaribisha ndani.

"Marehemu alikuwa akiamka amechoka," alisema kwenye upenyo wa mlango. "Mimi niliona ni maradhi tu."

Akafunga.

Wiki iliyofuata nilikuwa mapokezi, kwenye zahanati ninakofanya kazi. Mwanamume mmoja akaingia amemkokota mkewe, mama wa makamo, viganja vimefungwa vitambaa.

"Kutwa anakaa dukani, sista. Hanyanyui hata ndoo. Lakini tazama mikono yake."

Nikavuta kadi mpya. "Jina la mgonjwa?"

Akalitaja. Yote matatu.

Sikuhitaji kuuliza linavyoandikwa.

Siku hizi Injinia amenawiri, amepata kibarua, na mchezo hataki kuusikia. Amehamia kwa mama; chumba kile na kompyuta vimebaki kwangu. Kuizima siwezi, niliona kilichotokea. Kumtoa yule mama ningeweza, ila lazima niandike jina jingine, na sasa najua kwamba hakuna jina lisilo na mwenyewe. Langu bado naliogopa. Basi nikitoka kazini nakaa mbele ya kioo, nagawa maji, napanga makaa, nachunga tanuri lisidai watu zaidi. Mambo yakienda vizuri, mchezo huniruhusu kumpumzisha mfanyakazi mmoja kwa nusu saa.

Humpumzisha yeye. Hukaa chini, mgongo ukutani, akavitazama viganja vyake.

Jana aliinua uso, akanisemesha. Sauti haikutoka. Lakini midomo yake niliisoma vizuri.

"Nimekukosea nini?"