Majani ya Chini ya Dirisha la Mama

Mkunga alitoka zahanati jua likiwa limeshainama, miguu imevimba ndani ya viatu. Siku hiyo alikuwa amezalisha watoto watatu, mmoja akiwa ametanguliza miguu. Alichokitaka ni kitanda tu. Lakini kaka yake, ambaye huja kumwona mama yao mara moja kwa mwezi akiwa na ushauri mwingi na mikono mitupu, alikuwa amesema, "Mama anaangalia ukuta kutwa nzima. Mpandie hata majani."

Na safari hii kaka mtu alisema kweli.

Mama yao alikuwa na miezi kumi na minne kitandani tangu kiharusi kimwangushe. Upande wa kushoto uligoma, na sauti ikapotea. Mkunga alimwosha, alimlisha, alimgeuza, kisha akaenda kazini kuosha na kugeuza wengine. Asubuhi ile, akimpaka mafuta ya karafuu mgongoni, ulimi ulimteleza.

"Mama, nimechoka."

Hayo tu. Mama alimtazama bila kupepesa. Mkunga akaona aibu, akatoka haraka.

Bustani ya miche ilikuwa nyuma ya kiwanda cha mbao, chini ya neti nyeusi iliyofanya jioni iingie mapema. Muuzaji, watu walimwita Glavu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiivua glavu ya mkono wa kulia. Alikuwa akimwagilia maji, taratibu, kama mtu asiyesubiriwa na yeyote.

"Pole na kazi, dada. Unapanda wapi?"

"Chini ya dirisha. Uchochoro tu, jua halifiki."

"Basi achana na krotoni, bila jua rangi zitapauka." Akamvuta kwenye safu nyingine. "Chukua kaladiamu. Hizi zinapenda kivuli na unyevu. Ila mtu asitafune jani, utomvu wake unachoma ulimi."

Mkunga akainama. Kulikuwa na majani mapana kama masikio ya tembo, mengine ya waridi yenye ukingo wa kijani, mengine yana madoa meupe kama yamerushiwa rangi na fundi mlevi. Akachagua mawili. Akaongeza mche mmoja wa kangaga wa kujaza pembe. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alijisikia mtu.

Ndipo akaliona lile la mwisho wa safu.

Chungu kimoja, peke yake. Jani moja tu, jeupe, jembamba kama karatasi, na mishipa yake myekundu imetawanyika kama mishipa ya mkono. Upepo haukuwepo. Jani lilikuwa linatikisika.

Lilikuwa linapanda na kushuka... linapanda... na kushuka.

Akalisogelea. Likamjia puani harufu ya karafuu.

"Hilo lina mwenyewe," Glavu alisema nyuma yake.

"Nani?"

"Mama mmoja mtu mzima. Alikuja mchana, anaburuta mguu wa kushoto. Alivaa gauni la bluu, kifungo kimoja cheusi, vingine vyeupe."

Mkunga akageuka kumtazama. Kifungo kile cheusi alikishona mwenyewe, juzi.

"Alikuja na nani?"

"Peke yake. Mcheshi sana. Tumeongea mpaka nikasahau kazi."

"Ameongea?"

"Vizuri tu." Glavu alishusha sauti. "Alisema mwanawe amechoka. Akaniuliza kama nina mmea wa kuondoa uchovu. Nikamwambia, mama, uchovu hauondoki. Unahama tu. Akasema, basi unihamie mimi."

"Ukamjibu nini?"

"Mimi nauza majani, dada. Alichukua chipukizi lake akaenda. Huu ndio mmea mama wa chipukizi hilo."

Mkunga hakuchukua chochote. Alikimbia.

Alikimbia njia nzima, akapita maduka, akapita kituo cha maji, akafika mlangoni. Jirani aliyekuwa akishinda na mama alikuwa sebuleni akichambua mboga.

"Mama ametoka?"

"Atoke aende wapi, jamani? Amelala tangu saa sita. Nimechungulia mara mbili."

Mkunga akasukuma mlango wa chumba.

Mama alikuwa kitandani, gauni la bluu, mikono juu ya shuka. Chini ya kucha zake kulikuwa na udongo mbichi.

Dirisha lilikuwa wazi. Nje, katika uchochoro ambao haukuwahi kuota hata magugu, jani jeupe lilikuwa limesimama kwenye udongo uliomwagiliwa. Lilikuwa linapanda na kushuka. Kifua cha mama nacho kilikuwa kinapanda... na kushuka. Pamoja.

Mkunga akachukua jembe, akazunguka nyuma. Akalinyanyua juu ya lile jani.

"Acha."

Sauti ilikuwa ndogo, ya kukwaruza, kutoka dirishani. Sauti ya mama yake. Hakuwa ameisikia kwa miezi kumi na minne.

"Mama?"

"Acha, mwanangu. Pumzika."

Hapo ndipo alipogundua jambo lililomtisha kuliko yote. Amekimbia njia nzima, na hahemi. Viatu havimbani. Mgongo, uliokuwa ukimuuma tangu mwaka juzi, umetulia kama wa msichana. Na kule ndani, macho ya mama yalikuwa yanafumbika, mazito, kama ya mtu aliyekesha leba siku tatu mfululizo.

Angeweza kulichimba. Udongo ulikuwa laini, pigo moja lingetosha.

Alisimama pale mpaka giza likaingia. Kisha akaegemeza jembe ukutani.

Mama hajaamka vizuri tangu siku ile. Hufumbua macho kidogo, humeza uji, hulala tena. Daktari amempima, hakuona kipya. Mkunga naye anazalisha usiku na mchana, na wenzake wanamuuliza anakula nini. Anacheka, anasema usingizi. Kumbe halali zaidi ya saa mbili kwa siku. Hauhitaji.

Alirudi kwa Glavu mara moja, kumuuliza itakuwaje. Alimkuta anamwagilia.

"Kaladiamu zina msimu," alisema. "Majani yakichoka yanaanguka, kiazi kinalala chini ya udongo. Usikitupe. Mara nyingine kinaamka."

"Mara nyingine?"

Glavu akahamia safu ya pili.

Kila alfajiri mkunga humwagilia. Sasa majani ni saba, na yote yanapumua. Juzi aliona moja limeanza kuwa njano pembeni. Akalitazama kwa muda mrefu, akitafuta moyoni ile huzuni aliyojua inapaswa kuwepo.

Hakuiona. Alijisikia mzima kabisa.