Kununa Hakusomeki Ofisini

Siku ya mkutano, mkulima mmoja aliyeitwa Haiwezekani alikwenda shambani kama kawaida. Aling'oa vitunguu. Mkewe alivikata majani na kuvianika juu ya turubai. Jina hilo la Haiwezekani mume alipewa na majirani, kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila kitu.

Shamba kubwa la mahindi lililo juu ya bonde lao lilikuwa limeuzwa. Kampuni iliyolinunua ilitaka kujenga hapo nyumba mia mbili. Mvua ikinyesha, shamba lile lilikuwa likinywa maji. Mabati na saruji havinywi. Maji yote yangeteremka kwenye vitunguu, na kitunguu kikilala majini siku mbili, kimeoza.

Ofisi ya mtaa iliita mkutano kuwasikiliza wananchi. Wakulima wa bondeni wakakubaliana kususa.

"Na wakikutana bila sisi?" mke aliuliza.

"Haiwezekani. Bila sisi watazungumza na viti?"

Wiki iliyofuata, karatasi ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi. Mke aliisoma kwa sauti, polepole: "Wananchi walialikwa. Hakuna aliyepinga."

"Mimi nimepinga!" mumewe alifoka. "Nimepinga kutoka asubuhi mpaka jioni!"

"Umepinga ukiwa na vitunguu, mume wangu. Vyenyewe havikupeleka habari."

Jirani yao alikuwa mpima ardhi mstaafu. Watu walimwita Mama Futi, maana alipima hata meza kabla ya kuinunua. Walimkuta barazani akichambua mchicha.

"Shikamoo, mama. Tumekwisha," Haiwezekani alisema.

"Marahaba. Tangazo lenyewe la mpango wa nyumba mmelisoma?"

Wakatazamana. Hakuna aliyelisoma. Walikuwa wamesimuliwa tu.

Mama Futi aliacha mchicha wake, akaenda nao mpaka kwenye ubao. Kando ya karatasi ile, akaonyesha kwa kidole mstari wa chini wa tangazo la mpango. "Hapa. Pingamizi zinapokelewa kwa maandishi. Zimebaki siku kumi na mbili. Wanangu, ofisi haisomi kununa. Inasoma karatasi."

Jioni hiyo Haiwezekani aliandika barua. Ilikuwa fupi: "Hatutaki. Nyie ni wezi."

Mama Futi aliisoma, akamrudishia. "Hii ni hasira. Afisa ataifanyia nini hasira yako? Mwambie kitakachotokea, na kitatokea wapi. Maji yanapita wapi mvua ikiwa kubwa?"

Mkewe ndiye aliyejibu. Kila masika yeye ndiye anayezibua mifereji, na anaijua kila hatua yake. Kesho yake alichomeka vijiti mahali maji yanapofika. Mama Futi akapima kwa futi kamba, mke akaandika namba, mume akachora ramani. Ilibidi achore mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza shamba lake lilitoka kubwa kuliko bonde.

"Sasa barua ni moja, tuweke sahihi wote?" mume aliuliza.

"Kila nyumba iandike yake," Mama Futi alisema. "Kila mtu aeleze shamba lake. Pelekeni nakala mbili. Moja inabaki ofisini. Nyingine igongwe muhuri wa tarehe, mrudi nayo nyumbani."

Nyumba kumi na saba ziliandika. Nyumba mbili, zilizo ng'ambo ya mfereji, hazikuandika. "Wengi wameshaandika," walisema. "Inatosha."

Mkutano wa pili uliitwa. Safari hii wakulima walijaa mpaka mlangoni. Afisa wa mipango alishika ramani, akamwuliza mke, "Una uhakika maji yanafika hapa?"

"Nilisimama ndani yake, bwana. Twende ukaone."

Afisa alikwenda. Kiatu chake kimoja kilibaki kwenye tope, na watu wakajizuia kucheka.

Mpango ulirudi umebadilishwa. Nyumba zingejengwa upande wa mawe tu. Nusu ya chini ya shamba ingebaki ya kilimo, na bwawa la kupokea maji lingechimbwa kwanza, kabla ya msingi wa nyumba yoyote. Wakulima hawakupata yote waliyotaka, ila waliokuwa wameandika walipata kinga.

Nyumba za kwanza zilisimama, kisha masika yalikuja na mvua kubwa. Bwawa lilijaa, na vitunguu kwenye yale mashamba kumi na saba vilitoka vikavu na vizito. Mke alifurahi mpaka akaimba.

Kisha akatazama ng'ambo ya mfereji. Kule maji yalikuwa yamesimama. Hakuna aliyeieleza ofisi habari za upande ule, kwa hiyo ramani haikuuonyesha, na bwawa halikupokea maji yake. Wenye mashamba walikuwa wakiokota vitunguu vilivyooza. Alisikia uchungu, kwa sababu ni majirani zake.

Hakuwaambia, "Si tuliwaambia." Alirudi nyumbani, akachukua karatasi na kalamu, akavuka mfereji na maji yakimfika magotini.

"Haya," alisema. "Chomekeni vijiti sasa hivi, kabla maji hayajakauka."