Fundi wa Vipimo

Giza lilikuwa linaanza kuingia, na fundi alikuwa bado hajachagua kiolezo cha tovuti. Kazi ya ushonaji aliifungua mwezi uleule, katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na mdogo wake hakumpa nafasi ya kupumua: siku hizi mteja anakutafuta kwenye simu kabla hajakutafuta mlangoni.

"Hiki kina maua," mdogo mtu alisema, macho kwenye kompyuta.

"Nashona nguo, siuzi mashada."

"Hiki cheusi je?"

"Watu watadhani nimefiwa. Chagua chochote, mdogo wangu, sufuria inaungua."

Wakaafikiana kuchukua cha kijivu. Kilikuja na picha za mfano, ambazo mwenye tovuti huziondoa akaweka zake. Chini kabisa palikuwa na sehemu ya "Watu Wetu", picha nne kwenye safu moja. Fundi akaweka yake, mdogo wake akaweka yake. Kwenye ya tatu wakamweka binti wa fundi, miaka saba, kwa kuwa ndiye mshika pini.

Ya nne ilibaki na mtu wake wa mfano. Mwanamke wa gauni la kijivu, mbele ya ukuta mtupu, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Ameinamisha uso. Anatabasamu.

"Huyu mfute," fundi alisema.

Mdogo wake akafuta. Safu ikapinda, picha zikapandana. Akamrudisha.

"Basi mwache," fundi akasema. "Apige kazi. Angalau huyu hali chakula."

Wakacheka. Lakini ukurasa ulikataa kwenda hewani mpaka kila mtu aandikiwe kazi yake. Fundi, akili yote iko jikoni, akaandika kwa kidole kimoja: *Fundi wa vipimo. Anakufuata hadi nyumbani.*

Akabonyeza.

Siku ya tatu, saa kama ileile, hodi ikabishwa. Mdogo mtu alikuwa ametoka. Binti alikuwa chumbani, anacheza peke yake. Mlangoni alisimama mwanamke mgeni, macho yamemvimba.

"Nimekuja kukuuliza habari za mfanyakazi wako," alisema. "Yule wa gauni la kijivu."

"Mama, mimi nina mdogo wangu tu."

"Niliona tovuti yenu, nikaandika humo kwamba mama mkwe anataka gauni. Jana akaja. Hakusema neno. Chumba kizima kikanuka chaki... chaki ya mafundi nguo." Mgeni akashusha sauti. "Mama mkwe alikuwa mzima, amekaa anakunywa chai. Yule dada akamwonyesha kitanda kwa kidole. Mama mkwe akalala. Dada akampima toka utosini hadi kisiginoni. Mara moja tu, akaondoka."

Kila aliyeshika mkasi analijua hili. Aliye hai unamsimamisha, unaanzia begani. Anayelazwa, akapimwa toka utosini hadi kisiginoni, ni wa kushonewa sanda.

"Na sasa... anaendeleaje?"

"Alikufa usiku uleule." Mgeni alimkazia macho. "Fundi, mlijuaje?"

Fundi alitoa simu mfukoni, akafungua ukurasa. Picha yake. Ya mdogo wake. Ya binti.

Ya nne...

Ukuta mtupu.

Chumbani, kicheko cha binti kikakatika.

Na harufu ikamfikia. Chaki.

Alikimbia, kiti kikaanguka nyuma yake. Binti alikuwa amesimama wima kando ya kabati, visigino pamoja, kidevu juu. Dirisha limefungwa.

"Unacheka na nani?"

"Na anti wa kwenye picha. Amenipima."

"Amekupima wapi?"

"Begani. Na kiunoni. Halafu akataka nilale."

"Ukalala?"

"Sikulala. Nilimwambia utanichapa nikipanda kitandani na viatu."

Fundi akamvuta mtoto kifuani. Miaka yote ya kugombeza watu juu ya viatu, leo ndiyo imelipa.

"Kaenda wapi?"

"Hajaenda," mtoto alinong'ona. "Anasubiri."

Akanyoosha kidole. Kitandani hapakuwa na mtu. Lakini ukingo wa godoro ulikuwa umebonyea, kama umekaliwa na mtu asiye na haraka.

Walipotoka, mgeni alikuwa ameshakimbia, mlango uko wazi. Fundi akawasha taa zote. Akaifuta tovuti nzima, picha, maneno, kila kitu. Ikafutika bila ubishi. Akampigia simu mdogo wake arudi, akafungulia redio, akamsimamisha binti juu ya kiti cha cherehani na kuimba naye nyimbo zote za shule alizozijua. Zilipokwisha, wakazirudia.

Huko chumbani, godoro likalia mara moja. Kidogo tu. Kama mtu anayejiweka sawa.

Binti akapiga mwayo.

"Mama," alisema, "viatu nimeshavua. Nilale?"