Onyo Lisiloonekana Wodini

Siku hiyo mjinga alikuwa Inspekta mwenyewe, na ujinga wake aliufunga pingu vizuri kabisa, mikononi mwa nesi.

Maiti ilikuwa kwenye kitanda cha dirishani: mzee mshona viatu, mcheshi, aliyezoea kumwita nesi yule "mchumba". Nesi huyo alimchoma penisilini, koo likavimba, akakata roho kabla daktari hajavaa glavu. Kituoni, Inspekta alifungua faili la marehemu kwenye kompyuta yake. Onyo lilikuwa juu kabisa, jekundu kama pilipili: ASIPEWE PENISILINI.

"Uliliona?"

"Sikuliona, afande."

"Jekundu lote hili?"

"Halikuwepo."

"Macho yalikwenda likizo?"

"Afande, kaa kwanza ninapokaa mimi, ndipo unitukane."

Inspekta alimpeleka wodini ili tu kumziba mdomo. Akaketi kwenye kiti kilichovunjika mgongo, mbele ya kompyuta kuukuu, akafungua faili lile lile. Mahali pa onyo palikuwa peupe pe. Akafunga, akafungua. Peupe. Akaiweka kando yake kompyuta aliyokuja nayo kutoka kituoni: huku damu, huku maziwa. Alikuwa amemfunga mtu aliyesema kweli.

"Mfumo huu kautengeneza nani?"

Fundi wa mfumo aliletwa, shati limenyooka. Alipoziona kompyuta mbili zimewekwa sambamba, akaelewa ameitiwa nini.

"Eleza."

"Onyo nililitengeneza lijitokeze kwa madoido, afande. Vivinjari vipya vinayaelewa. Hiki cha wodini cha zamani, kinaliacha limefichwa."

"Kivinjari ndio mdudu gani?"

"Programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Ziko nyingi, na kila moja ina tabia zake."

"Na tabia za hii ulizijua lini?"

Fundi akageukia ukutani.

"Nakuuliza wewe, si ukuta."

"Kabla ya uzinduzi. Nilijaribu hapa hapa."

"Ukanyamaza?"

"Kurekebisha kungeahirisha sherehe. Wakubwa walishaalikwa. Nilikuwa natangazwa mkuu wa kitengo siku ileile."

Inspekta alizoea wauaji wa visu na mapanga. Mtu kafa kwa ajili ya cheo, na silaha ni madoido. Akamgeukia nesi, akamfungua pingu.

"Dada yangu, nisamehe."

Fundi bado alikuwa na la kujitetea. "Lakini jamani, kwangu lilikuwa linaonekana."

Nesi hakuinua hata macho. Alikuwa akisugua vifundo vya mikono.

"Basi mgonjwa ungemlaza kwako."